Simu Moja, Watu Wawili

Madame hakukalia kiti kabla ya kukijaribu. Aliweka kiganja juu ya egemeo, akabonyeza, akasikiliza, akabonyeza tena upande wa pili, ndipo akakaa, na hapo pia nusu nusu, kama mtu aliyekuja kuaga. Viti vya ofisi yetu vilikuwa vilevile miaka yote. Siku moja nikamwambia, "Madame, hicho kiti kinakujua."

"Inanijua, njo," akajibu. "Lakini miye nilijua ya jana. Ya leo siyaiona bado."

Tulimwita Madame kwa sababu alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya ufundi hapa Likasi kabla ya kuingia mambo ya programu za simu, na nusu ya mji ilikuwa imepita mbele ya ubao wake. Ukitembea naye mjini, wanaume wenye vitambi, wenye magari, walikuwa wakificha sigara nyuma ya mgongo.

Mimi sikupita kwake. Mimi niliuza simu zilizotumika sokoni, na kila kitu nahesabu mara mbili: mara ya kwanza kujua viko vingapi, mara ya pili kujua nani amenidanganya. Alikuja mezani kwangu akataka simu mbaya kuliko zote. Nikamwonyesha nzuri. Akazisukuma kando.

"Hapana ile. Unipatie yenye kupasuka kioo, yenye kufa-kufa, yenye kusahau saa."

Nimepatana bei na wauza samaki wa Tshangalele, watu wanaoweza kukuuzia maji ukashukuru, lakini mteja anayepigania ubovu nilikuwa sijamwona. Alitaka simu za namna ile kwa sababu ndizo zilizokuwa mikononi mwa watu ambao programu yake ingewahudumia. Nikamletea za kwanza, nikamletea nyingine, na mwisho nikawa mtu wa ofisi. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza, kukosea, kuiangusha, kufanya kila upuuzi ambao mtu wa kawaida huufanya na simu yake. Madame alisema nina kipaji.

Programu yenyewe ilikuwa ya zahanati moja ya masista. Pale korido ilikuwa na milango, na mji mzima ulijua mlango wa mwisho ni wa nani: ni wa wale wanaokunywa dawa za virusi maisha yote. Ukionekana umekaa mbele yake, jioni habari imeshafika nyumbani kabla yako. Sista mkuu alitaka watu wasikae pale tena. Mtu wa mlango wowote aandike namba yake ya simu na neno lake la siri, aone tarehe ya kuchukua dawa, aone majibu yake, aje saa yake, achukue, aende.

Sasa niseme jambo moja mapema, ili hofu yote inayofuata ijulikane ni ya nani. Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alikuwa wa mlango ule wa mwisho. Aliniambia mimi peke yangu. Mume wake hakujua, na mama mkwe wake, aliyekaa nao nyumba moja, hakujua. Yaya alikuwa anatafuta siku ya kusema, na kila siku ilikuwa na sababu ya kutokuwa siku yenyewe. Sista alipochagua wanawake wachache wa kuanza nao programu, yaya alikuwa mmojawapo.

Ofisini sikumwambia mtu.

Watu walidhani kazi ya Madame ni kufungua mlango wa programu, pale mtu anapoandika namba na neno lake la siri. Yeye alikuwa wa kufunga. Alikuwa akisema hivi: huwezi kujaribu mlango wako ukitumia sentineli wa kweli. Sentineli ni mlinzi; wa kweli, yaani ile seva inayoangalia namba na neno la siri na kusema huyu apite, iko mbali, mtandao unakatika, na halafu ungejaribu kwa namba za nani? Za wamama wa watu? "Ile ni kukosea bantu heshima," alisema. Kwa hiyo unatengeneza sentineli wa bandia. Ni vijistari vichache vya programu, vinakaa ndani ya kompyuta yako, navyo vinajibu kama ulivyovifundisha: namba hii mwambie ndiyo, hii mwambie hapana, hii usimjibu kabisa, nyamaza kama mtandao umekufa. Halali usingizi, hali chakula, wala haji kazini akinuka pombe ya lutuku. Halafu unachukua kila kipande cha mlango peke yake, unakipitisha mbele ya huyo sentineli, unaona kinafanya nini.

Kipande kikifanya vizuri, kompyuta inaonyesha kijani. Kikikosea, nyekundu.

Enjenya wetu, kijana aliyesomea Lubumbashi na aliyependa kazi iishe Ijumaa, alikuwa akiona kijani anapiga makofi. Madame hakupiga. Kijani kwake kilikuwa kama mtoto aliyenyamaza chumba cha pili: ndipo unapoinuka kwenda kuangalia.

Nilijaribu kupatana naye juu ya orodha ya majaribio. Ni ugonjwa wangu, siwezi kuona kitu kirefu nisiombe kipunguzwe. "Madame, hii ya muntu kuandika namba na nafasi katikati, tuiache. Nani anaandika vile?"

"Weye. Jana."

"Basi tuache ile ya jetoni kuisha wakati muntu anasoma." Jetoni ndiyo ile alama ambayo sentineli anakupa ukishapita, ili usiulizwe jina kila hatua; siku ikiisha, nayo inaisha.

"Tuache?" akasema Madame. "Aksanti kwa kunikumbusha. Tutaweka na ile ya jetoni kuisha mbele ya muntu kuanza kusoma."

Ukiomba apunguze, anaongeza. Nikabadilisha mbinu, nikaomba aongeze, nikitegemea atakataa. Akaongeza, tena akanisifu.

Na mtu huyuhuyu aliyetengeneza waongo kutwa hakuweza kusema uongo hata wa adabu. Mtu akipiga simu ofisini kumtafuta, Enjenya akajibu kwamba Madame ametoka, sauti ilitokea nyuma ya pazia: "Niko!" Alimwambia bibi harusi mmoja, mbele ya watu, kwamba gauni linambana. Mkate ukiwa wa jana alimwambia mwokaji, kisha akaununua. Nilimuuliza inakuwaje anamfundisha sentineli kudanganya vizuri hivyo. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini maji ni maji. "Ule, kila muntu anajua eko wa bandia. Bongo ni yenye kujificha." Bongo, kwetu, ni uongo.

Hofu yake ilikuwa na ratiba. Alikuandikia "Umefika?" ukiwa bado unatafuta viatu. Alirudi nusu ya njia kuangalia kama amezima jiko, na alipolikuta limezimwa hakufurahi. Alishuku kwamba pengine amezima la jirani. Kanisani alikaa karibu na nguzo, si kwa ibada, bali kwa sababu alikuwa ameiangalia nguzo ile na kuiamini kuliko nyingine. Lakini kikombe chake cha chai alimpa yeyote anywe, na chakula chake cha mchana mara nyingi kililiwa na Enjenya. Hesabu zake za woga zilikuwa za watu wengine tu. Nimezipiga mara mbili, zinatoka vilevile.

Kosa lenyewe halikutoka kwenye kompyuta. Lilitoka mahali pa kuchajia simu.

Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi, jenereta ndogo ya ofisi ililisha kompyuta tu, na Madame akapeleka simu yake kwa yule bwana wa karibu na soko mwenye sahani ya umeme wa jua. Wakati anangoja, akaona mama mmoja anafungua fundo la kona ya kitenge. Ndani ya fundo hapakuwa na hela. Palikuwa na pusi, ile kadi ndogo ya simu. Yule mama akaomba simu ya jirani yake, akatoa pusi ya jirani, akaweka yake, akapiga, akaongea habari ya mihogo, akaitoa, akairudisha kwenye fundo. Jirani akarudisha yake. Hakuna aliyeshangaa. Mimi nimeuza simu miaka yote hiyo, nimeona jambo hilo kila siku ya Mungu, na halikunishtua hata kidogo. Tatizo la macho yaliyozoea ndilo hilo.

Madame alirudi ofisini bila simu. Ilibaki kule.

"Nani alitwambia telefone ni muntu?" akauliza. Hata salamu hakuna.

Enjenya akageuka. "Nani alisema vile, Madame?"

"Shiye! Shiye bote. Tuliandika mu majaribio yetu. Bamama beko na namba, habana na telefone. Telefone ni ya nyumba." Akasimama nyuma ya Enjenya. "Ule mwanamuke wetu wa bandia, eko ngapi?"

"Eko moya."

"Anaingia?"

"Anaingia."

"Anatoka?"

"Anatoka, anaingia tena, anaona ukurasa yake. Kijani, Madame. Tangu zamani ni kijani."

"Umutengenezee mwenzake."

Enjenya akamtengeneza wa pili: namba nyingine, neno la siri lingine, ukurasa mwingine. Madame akaamuru: wa kwanza aingie, asome, atoke. Wa pili aingie kwenye simu ileile, na sentineli akishamkubali tu, anyamaze, kama mtandao wetu unavyonyamaza.

Nyekundu.

Mwanamke wa pili alikuwa ameingia kwa neno lake mwenyewe, na mbele yake ulikuwa umekaa ukurasa wa yule wa kwanza, jina juu, tarehe za dawa chini.

Ilikuwa nia njema. Kwa sababu mtandao ni mbovu, tuliifundisha programu iweke ukurasa wa mwisho ndani ya simu, ili mtu asome hata mawimbi yakikatika. Tulisahau kuifundisha iufute mtu akitoka. Na majaribio yetu yote yalikuwa na mwanamke mmoja peke yake duniani. Akirudi na kukuta ukurasa ambao haukufutwa, ni wake. Nani angeuliza?

Madame akakaa. Hakukisukuma kiti kwanza.

"Beko bangapi benye kuingia tayari?" akauliza taratibu.

"Wachache tu, Madame," Enjenya akasema. "Ni majaribio ya kwanza."

"Bale bachache beko na majina."

Nikasema, "Kuko nyumba moya yenye kuwa na babili." Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu anayeuza kitu kilichoibwa. Nikawaambia habari ya yaya, yote, mlango wa mwisho na mume asiyejua. Na nikawaambia kilichokuwa kimenijia wakati ule ule: mama mkwe wake alikuwa anachukua dawa za tansio, yaani presha, kwa masista walewale. Sista alimwandikisha pia. Nyumba moja. Simu moja.

Madame aliinuka. "Tuende."

Tulikwenda kwa miguu, kwa sababu Madame alitaka kwenda mbio na hakuiamini pikipiki. Njiani nilijipangia maneno. Maneno ndiyo mtaji wangu.

Mama mkwe alikuwa uani anachambua maharagwe, simu iko mapajani mwake inaimba nyimbo za kwaya. Yaya alikuwa mlangoni mwa jiko, anaosha vyombo. Aliponiona nimekuja na Madame, saa ya kazi, mkono wake ulibaki ndani ya beseni.

Nikaanza. "Mama, jambo! Leo kuko promosyo. Tunapita manyumba yote, tunasafisha telefone za bamama. Bure kabisa."

"Bure?" Mama mkwe hakuinua kichwa. "Weye? Weye hata salamu unauzishaka."

"Mama, ni kweli. Dakika moya tu."

"Ile betri uliuzisha mutoto wangu, nayo ilikuwa promosyo. Ilivimba sawa ndizi." Akaiweka simu chini ya paja, akaikalia. "Sema bei mbele. Kisha tutajua ile bure yako iko ngapi."

Nilikuwa natafuta njia nyingine ya kuingilia, nikasikia Madame anapumua nyuma yangu, nikajua nimekwisha.

"Mama," akasema, "anakudanganya. Hakuna promosyo. Miye njo mukubwa wa ile kazi ya masista mu telefone. Tulitengeneza vibaya. Muntu akitoka, mwenzake akiingia, anaweza kuona mambo ya ule wa kwanza. Kosa ni ya kwetu. Tumekuya kuitengeneza."

Ningeweza kumziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amemwonyesha mama mkwe shimo, amemwambia lilipo, na aliyekuwa ndani ya shimo alikuwa mlangoni mwa jiko na mkono ndani ya maji.

Mama mkwe aliacha maharagwe. Akamtazama Madame, akamtazama yaya, akanitazama mimi.

"Mambo ya muntu," akasema polepole. "Yenye kuwa mu ile telefone. Mutoto wangu mwanaume anaweza kuiona?"

"Anaweza," akasema Madame.

"Hata ile docta aliandika?"

"Hata ile, mama."

Yule mama aliichomoa simu chini ya paja kama kaa la moto. "Basi kamata! Kamata mbio, mbele hayakuya! Docta alinikataza chumvi, tangu mwaka jana. Ule mutoto akijua, ataniondolea chumvi mu nyumba yote. Nitakula nini, majani?"

Madame akaipokea. Nilikuwa begani kwake alipoifungua. Juu ya kioo lilikuwa jina la yaya. Kidole gumba cha Madame kilishuka juu ya jina lile haraka kuliko jicho langu, kikabaki pale, na kwa mkono wa pili akafanya kazi yake hadi kila kitu kilipofutika.

"Mama, ile ukurasa uliifungula lini?"

"Asubui. Naweka namba yangu, naona maandiko, nafunga. Maandiko ya kidogo vile, na haya macho? Wapi! Nangojaka mujukuu anisomee."

"Na leo alikusomea?"

"Leo alikuwa ku masomo."

"Na mutoto yako? Anakamataka hii telefone?"

"Ule? Kila siku, juu ya mupira."

Madame akamrudishia simu. Yaya alinisindikiza hadi njia kuu, na nilipotaka kumwambia nini kinajulikana na nini hakijulikani, nikakuta vyote viwili vinatosha kwenye neno moja: sijui.

Baada ya hapo Madame alimjazia sentineli wake familia nzima. Kulikuwa na mke wa bandia, mama mkwe wa bandia, mume anayekuja kutafuta mpira akiwa na haraka, mjukuu anayebonyeza kila kitu, jirani mwenye pusi kwenye fundo. Wote walitumia simu moja, wakapokezana kuingia na kutoka, mtandao ukafa katikati. Enjenya alisema ofisi imekuwa na ugomvi kuliko kwao. Kila mmoja alitakiwa akute chake tu, au asikute kitu. Madame aliwaendea wanawake wote wa mwanzo nyumba kwa nyumba, akawaambia kosa kwa mdomo wake, na Sista akasimamisha programu hadi familia ile ya bandia ilipokaa kwa amani.

Lakini yaliyokwisha kuonekana hayana jaribio. Alijua hilo. Kila tulipobaki wawili alikuwa ananiuliza, "Ku nyumba ya yaya yako, ni amani?" Namjibu ni amani. Anauliza tena, kwa maneno mengine, kama kwamba swali la kwanza nililijibu kwa kuzoea.

Macho yake yalianza kuchoka, akaacha kazi. Mimi nikabaki na Enjenya, na mazoea ya kusukuma viti.

Nilimwona mara ya mwisho juzijuzi, asubuhi, kwenye benchi la korido ya masista. Alikuwa amekonda kidogo, miwani minene. Hakuniambia anangoja mlango upi, nami sikuuliza. Nikakaa karibu naye. Alikuwa anataka kusoma kitu kwenye simu yake, anaisogeza karibu na pua, anaiondoa.

"Ku nyumba ya yaya yako?" akasema badala ya salamu.

"Madame, alisema."

Simu ilishuka mapajani. "Nani alisema?"

"Yaya. Alimwambia bwana yake. Siku ya Mungu, misa ikishakwisha."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Haikukuwa ule bwana aliuliza mbele? Haikukuwa alikuwa anajua, anangoja?"

"Nilimuuliza yaya vile vile, mara mbili. Anasema ule bwana alianguka sawa muntu mwenye hakujua. Hakusema kitu siku mbili, hakula. Kisha akamuuliza, dawa unakunywaka saa ngapi? Sasa njo yeye anamukumbusha."

Madame alikaa na maneno hayo. Nikaona anayapitia, moja moja, anayabonyeza pande zote. Nilingoja aniulize mara ya pili. Hakuuliza.

Muuguzi akaita. Madame akainuka, akashika ukuta, akaifuata korido bila kugeuka, na nilipoangalia benchi nikakuta ameacha simu yake. Haikuwa imefungwa. Ilikuwa inawaka, ukurasa wa masista wazi, ukiangalia dari.

Nikaigeuza uso chini, nikaweka kiganja juu yake.

Mama aliyekaa upande wa pili akanyoosha shingo. "Ni ya nani ile?"

"Ni ya mwenyewe," nikasema.

Akasogea. "Mwenyewe njo nani?"

Sikuondoa mkono.